Humu Ndani Babu Ni Yule Mwingine

Kwetu kiboko hatajwi. Sisemi kwamba ni sheria imebandikwa mahali, au kwamba kuna mtu atakutoza faini ya kuku ukikosea. Ni kwamba aliyekulia kwenye mtumbwi, akiwa juu ya maji, neno lenyewe halimjii mdomoni. Anasema babu. "Babu yuko pale kwenye matete." "Babu kalala shambani kwa jirani, kamaliza mpunga." Ukipita karibu na dimbwi lake unapunguza kasia, unasema shikamoo babu, tunapita, kisha unapita. Nimewaona wanaume na ndevu zao, watu wa kumtukana mwenyekiti wa kijiji hadharani, wakimwamkia kiboko kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mimi ni fundi cherehani Ifakara, na wateja wangu wa mjini huwa wanacheka nikiwasimulia hivi. Wacheke tu. Hawajaona mtumbwi uliotafunwa katikati kama muwa, na kandambili za mwenyewe zikielea pembeni.

Baba ndiye aliyetufundisha, mimi na kaka yangu. Alikuwa Mndamba wa maji hasa, mvuvi tangu ujana wake, na hakuwa mwalimu mpole. Somo lake kubwa lilikuwa moja. Mtu yeyote akisema babu anainuka, hakuna kuuliza wapi, hakuna kugeuka kutazama. Akiinuka yuko chini yako, na aliyegeuka kashachelewa. Piga kasia kuelekea kwenye matete, kwenye maji mafupi, kwa nguvu zote ulizonazo, maswali baadaye. Alikuwa na tabia ya kutushtukiza. Tuko katikati ya mto tunapiga soga zetu, mara anapaza sauti: "Babu anainuka!" Aliyegeuza shingo alikula kofi la kisogoni. Tulifundishwa hivyo mpaka mikono ikawa inatangulia akili.

Kisha nikazaa, na baba naye akawa babu wa kweli. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi. "Sasa mtoni tumekuwa wawili," alisema. "Tofauti ni kwamba mwenzangu ana meno." Wajukuu walimwita babu, majirani wakafuata, na mama pia.

Hapo kwa mama nieleze. Mama ni Mpogoro wa Mahenge, mtu wa milimani, na alilelewa na watu walioamini kwamba mke hatamki jina la mume wake. Miaka yote ya utoto wangu alimwita baba kwa jina la kaka yangu, Baba Fulani, kama wanawake wengi. Wajukuu walipokuja akahamia kwenye Babu na akaonekana kupumua, maana lilikuwa fupi na halina makali. Jina lenyewe la baba, lile alilobatiziwa, sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Hata padri alipolitaja kanisani siku ya misa ya ndoa yao, maana walichelewa kufunga, mama alitazama sakafu kama mtu aliyeambiwa jambo la chumbani mbele za watu.

Kwa hiyo nyumbani babu alikuwa baba, na majini babu alikuwa kiboko. Watoto wakiingia mtumbwini walijua kubadilisha, wanamwita baba "mzee" mpaka watue nchi kavu. Mama hakuwa na haja ya kujua kubadilisha, kwa sababu alikuwa haingii mtumbwini. Aliyaogopa maji tangu siku aliyoletwa kuolewa, na kwa miaka yote aliyoishi upande wa chini wa Chita, bonde likigeuka bahari kila masika mbele ya mlango wake, alibaki mtu wa kuyatazama kutoka kibarazani.

Masika ninayoyasema yalianza mapema na kwa ubaya. Mama alinipigia simu dukani. "Babu ngiri imemkaza," akasema. "Safari hii hairudi ndani kama zamani. Njoo wewe, labda atakusikiliza." Nikafunga duka, nikapanda treni.

Baba alikuwa na ngiri ya muda mrefu, uvimbe wa kinenani aliokuwa akiusukuma ndani kwa mkono kila jioni bila hili wala lile. Alisema mtu aliyeishi na wanyama porini hawezi kushangaa ngiri akija kumtembelea. Nikamwambia twende Ifakara upasuliwe, ni kazi ndogo, watu wanapasuliwa na wiki inayofuata wanalima. Akakataa. Jirani yake mmoja alikwenda kupasuliwa akarudishwa kwenye gari la wazi, amefunikwa shuka. Nikamwambia yule alikwenda amechelewa. Akasema wote wanaokwenda wamechelewa. Tulibishana hivyo siku baada ya siku, mimi nikipandisha sauti, yeye akishona nyavu, na huku tukibishana maji yakakata reli, yakakata na barabara. Nilichukia sana ubishi wake. Bado nauchukia.

Asubuhi moja uvimbe ukawa mgumu kama jiwe na tumbo likajaa. Akaanza kutapika. Nesi wa zahanati, mwanamke mtu mzima anayejulikana kwa kutopoteza maneno, alijaribu kuurudisha kwa mikono ukagoma, akamchoma sindano ya maumivu, akatutoa nje mimi na kaka.

"Utumbo umenaswa," alisema. "Dawa yake ni kisu, na mimi sina. Mkikaa naye hapa mnamsubiri afe."

Tuliporudi ndani baba alikuwa ameshasikia, maana kuta za zahanati ile ni mbao. "Haya," akasema. "Nipelekeni huko kwenye visu vyenu."

Boti pekee ya injini pale kijijini ilikuwa ng'ambo, imekwenda kuokoa watu waliozingirwa mashambani, na simu ya mwenyewe haikupatikana. Ukabaki mtumbwi wa kaka. Mto ukijaa, mtu mwenye mikono mizuri anaondoka alfajiri, analala njiani, na kesho yake kabla ya jioni yuko Kivukoni, nje kidogo ya Ifakara, chini ya daraja, na pale bajaji zipo, za kumfikisha hospitali kabla jasho halijamkauka. Kaka alikuwa na mikono mizuri. Alikuwa pia na tanga.

Hilo tanga nililishona mimi. Kaka alikwenda kuvua kwenye bwawa la Mtera akiwa kijana, akawaona wenzake wa kule wakitandaza vitambaa upepo uwasukume, akarudi nalo kichwani kama ugonjwa. Alininyima usingizi mpaka nikamshonea, viroba vya mbolea vilivyopasuliwa na kuunganishwa, mshono mara mbili, maandishi ya kiwandani yakiwa yamelala ubavu. Nilimcheka sana. Lilifanya kazi upepo ukitoka nyuma tu, na lilikuwa na kelele. Viroba vikipigwa na upepo vinavuma kama bati la paa lililolegea.

Tulimlaza baba katikati ya mtumbwi juu ya magunia ya pumba, tukamwekea kibanda cha turubai kilichoshikwa na fito, mvua na jua visimpate. Mimi nikakaa mbele na kasia. Kaka akasimama nyuma na upondo wake, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Mlingoti wa mwanzi ukafungwa mbele ya kibanda, tanga likakunjwa na kufungwa kamba. Mama tulimwambia abaki. Alifunga kitenge kiunoni, akavua ndala, akaingia majini mpaka magotini kama anaingia kwenye moto, akapanda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mama ndani ya mtumbwi, na alikaa ameshika kingo zote mbili, vidole vyeupe.

Kaka alimwambia, na alimwambia vizuri. "Mama, kitu kimoja. Humu ndani baba ni mzee. Babu ni yule mwingine. Tukifika umwite utakavyo."

"Nimesikia," mama akasema.

"Usisahau, mama."

"Mwanangu, nimesikia."

Na kwa siku nzima ile ya kwanza hakusahau. Nilikuwa namsikia nyuma yangu. "Mzee, kunywa kidogo." "Mzee, geukia huku." Alilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayevaa kiatu cha mwenzake.

Sijui niuelezeje ule upana kwa mtu asiyeuona. Kiangazi unavuka mbuga kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Masika yale hakukuwa na mbuga. Maji yalianzia kwetu yakaishia kwenye milima, rangi ya chai ya maziwa, na juu yake vilele vya miti vimesimama peke yao, kila kilele kimejaa wadudu na nyoka waliokosa pa kwenda. Tulipita juu ya mashamba ya watu. Kasia langu lilikuwa likigusa mpunga chini, mashuke yameshaanza kubeba, yanaoza. Tulipita paa la nyasi la kambi ya wavuvi, limekaa juu ya maji kama kofia. Ndama aliyevimba alitufuata muda mrefu, akizunguka taratibu kwenye mkondo uleule wetu, na harufu yake ikawa sehemu ya safari mpaka kaka akamsukumia mbali kwa upondo.

Maisha ya humo yalikuwa ya kuinama. Huwezi kusimama ukanyoosha mgongo, huwezi kukaa ukanyoosha miguu. Maji yaliingia kwa mvua na kwa mawimbi madogo, na kazi yangu nisipopiga kasia ilikuwa kuyachota kwa dumu lililokatwa na kuyamwaga nje, kuyachota na kuyamwaga. Tulikuwa na jiko la mkaa ndani ya karai lenye tope. Mama alipika uji humo akilia kwa moshi, na baba hakuunywa. Kila kilichoingia kilirudi, na baadaye kikarudi kisichokuwa kimeingia, kijani, chenye harufu ya choo. Mimi na kaka tulitazamana. Nesi alikuwa ametuambia maana yake.

Lililomtesa baba kuliko maumivu, nadhani, lilikuwa haja ndogo. Mkojo ulimbana na hakutaka kopo. Mama alimpa kopo, akalisukuma. Alikuwa na binti yake humo ndani, mtu mzima, mama wa watoto, na hakuwa tayari kulala chali akojoe kwenye kopo mbele yangu, hata mgongo wangu ukiwa kwake. "Nina miguu," alisema. Jioni ya siku ya kwanza tulipata kichuguu kilichochomoza, kaka akambeba mpaka juu yake, akamshika kwapani, na baba akasimama akakojoa akitazama maji kama mwenye mali. Alirudi amefurahi. Tukajifunga kwenye mti, tukalala kwa zamu, na mbu walifanya walichotaka.

Asubuhi yake upepo ulitoka nyuma, mzuri, na kaka akapandisha tanga. Nasema kweli, kwa muda mfupi nilikuwa na furaha. Mtumbwi ulikuwa unakwenda wenyewe, maji yanasema chini ya mbao, na viroba vyangu vimejaa upepo juu ya kichwa changu na mshono haujaachia hata mmoja. Kaka alisema kwa mwendo ule tungekuwa Kivukoni jua likiwa bado juu. Nilianza kupanga nani nimpigie simu mtandao ukirudi, nani aje na bajaji, nani achangie damu.

Tukapita kwenye kundi lao. Walikuwa mkono wa kulia, masikio na pua tu juu ya maji, na mmoja mkubwa pembeni peke yake anatutazama. Kaka akapunguza upondo. "Shikamoo babu, tunapita," akasema. Nami nikasema. Kutoka chini ya turubai tukamsikia baba, sauti imekwisha lakini heshima ipo: "Shikamoo babu." Kisha akamnong'oneza mama, nikasikia, "Huyo kanizidi umri." Mama hakucheka. Alikuwa ameshika rozari, midomo inakwenda. Yule mkubwa akazama, na hatukuona alikoibukia. Kwa hiyo tuliendelea tukiwa na masikio wima, kila mmoja wetu anayasoma maji.

Hapo ndipo baba alipobanwa tena. Haya nilikuja kuyajua baadaye kwa mama, maana mimi nilikuwa mbele, nimewapa mgongo, na kaka alikuwa nyuma, kibanda cha turubai kimemziba. Baba alisema anataka kukojoa. Mama akampa kopo. Baba akasema lete kichuguu. Mama akamwambia vichuguu hakuna, mzee, maji matupu, vumilia. Akasema "Nina miguu," akashika fito za kibanda, akaanza kuinuka. Mama akamvuta shuka, shuka ikabaki mkononi. Mtumbwi ukayumba. Mama, mtu wa milimani, aliyaona maji yakipanda kwenye ukingo mpaka kwake, akamwona mgonjwa wake anasimama, na akamwita mwanawe aje kumshika.

"Babu anainuka!"

Tanga lilikuwa linavuma. Sikusikia hofu ya aina gani ilikuwa kwenye ile sauti, nilisikia maneno. Hakuna kuuliza, hakuna kugeuka. Nilipiga kasia kabla sijajua kwamba ninapiga, upande wa kulia, kwa mwili wangu wote, pua ya mtumbwi igeukie kwenye matete yaliyokuwa kushoto. Nyuma kaka alikuwa ameshazamisha upondo na kusukuma. Tulifanya kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama tulivyofundishwa, na tulikifanya vizuri kabisa. Mtumbwi uligeuka kwa nguvu, upepo ukalikamata tanga kwa ubavu, mwanzi ukakatika kwa mlio, na nyuma yangu nikasikia kitu kizito kinapiga ubao.

Bado sikugeuka. Hilo ndilo ninaloweza kulisema juu ya malezi ya baba. Tuliingia kwenye matete tukiwa tunapiga, tukaendelea kupiga matete yakitukata mikono, mpaka mtumbwi ukakwama na maji mafupi yakawa chini yetu. Ndipo nikatazama.

Baba alikuwa amelalia tumbo juu ya ukingo wa mtumbwi, nusu ndani nusu nje, na mama amemshika kiuno kwa mikono yote miwili na meno yameuma shati lake. Angemwachia angekwenda. Turubai lilikuwa limetufunika nusu, tanga nusu, na maji ndani ya mtumbwi yalikuwa yanafika magotini.

"Yuko wapi?" kaka alikuwa anapiga kelele. "Mama, umemwona wapi? Yuko upande gani?"

Mama hakuelewa swali. Tulimvuta baba ndani, tukamgeuza. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alifungua macho, akamtazama kaka, akanitazama mimi na kasia langu mkononi, akatazama matete pande zote, na nikaona ameelewa kabla yetu sisi.

"Yaani," alisema. "Yaani mmenikimbia mimi."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikaishia kwenye maumivu, mdomo ukabaki wazi. Hakusema neno jingine baada ya hilo.

Kaka alisimama na upondo wake. "Nani kasema?" aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Nani kasema anainuka?"

"Mimi," mama akasema. "Alitaka kusimama. Babu alitaka kusi..." Akajiziba mdomo kwa mkono.

Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, na nitaisema ilivyokuwa. Nilimchukia mama kwa pumzi moja. Nilimchukia kaka kwa kuwa mwepesi. Nilimchukia yule kiboko, nikamtaja kwa jina lake, kwa sauti kubwa, pale pale kwenye matete, kiboko, kiboko mkubwa wewe, na kaka hakunikataza. Hakuna aliyeinuka kutujibu.

Matete ya kule si ya kuingia na kutoka. Yameshikana chini na magugu yanayoelea, ukisukuma mbele yanafunga nyuma. Tulichota maji kwanza, mimi kwa dumu, mama kwa sufuria ya uji, maana jiko lilikuwa limezama na karai lake. Kisha kaka akaingia majini mpaka kifuani, mahali ambapo mtu mwenye akili haingii, akakata kwa panga na kusukuma. Nami nikaingia. Mama alikaa na kichwa cha baba mapajani, amekiinua juu ya maji yaliyobaki, na kila alipokuwa akitaka kumwita nilimwona anaanza kisha anaacha. Alibaki bila neno la kumwitia. Lile la mzee hakutaka tena kulitumia, na lile lingine lilikuwa limemchoma ulimi. Akawa anampigapiga shavuni tu.

Tulipotokea kwenye maji ya wazi jua lilikuwa limeshapita juu yetu na linashuka. Tanga lilikuwa limechanika, kitambaa chenyewe, si mshono. Upondo ulikuwa umekatika. Kasia lilikuwa moja tu, akalichukua kaka, nami nikapiga kwa kipande cha mwanzi wa mlingoti, na upepo ule mzuri uliendelea kuvuma kuelekea Kivukoni bila sisi. Sijawahi kupiga maji vile. Viganja vilichunika, damu ikawa inateleza kwenye mwanzi. Kaka alikuwa analia huku anapiga, kwa sauti, bila aibu, na kila pumzi ya kasia alisema samahani baba, samahani baba. Nilimwambia anyamaze apige. Kisha nikajikuta ninasema hivyohivyo mimi.

Tuliliona daraja likiwa bado jembamba kama uzi. Malori yalikuwa yanapita juu yake, na bajaji, na watu wa baiskeli, wote wanakwenda na mambo yao. Simu yangu ilikuwa imelowa, lakini ya kaka, aliyokuwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, ilianza kulia meseji, moja baada ya nyingine, mtandao umerudi. Kaka aliacha kasia aichukue, aite mtu yeyote, aite bajaji.

Mama akasema, "Subiri."

Tuligeuka. Safari hii tuligeuka wote wawili. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kifua cha baba, anasikiliza kwa mkono. Tuliacha mtumbwi ujiendee na mkondo. Alikiacha kiganja pale muda mrefu, akakihamishia shingoni, akakirudisha.

"Babu," akaita.

Mkono wa kaka ulishtuka kuelekea kwenye kasia. Hakukusudia, na wangu pia ulishtuka, na mama aliiona mikono yetu. Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kutazamwa vile na sitaki kutazamwa vile tena. Kisha akainama mpaka karibu na sikio la baba, na akamwita kwa jina lake.

Alilitamka polepole na kwa shida, na kwa haya, sauti ya msichana aliyetumwa kwa watu asiowajua. Miaka yote ile alikuwa nalo tu moyoni. Alisubiri, akaliita tena, kwa nguvu kidogo. Daraja likawa linakuja, na watu walioegemea kingo zake wakaanza kututazama, na mmoja akapaza sauti kutuuliza tunatoka wapi, mama akaendelea kumwita baba kwa jina, sasa bila haya, mpaka mtumbwi ukagusa mchanga wa Kivukoni.